Slipu za E1 kwenye maikrowevu: kiungo cha data cha redio kinadondoka kila dakika 20, ni saa ya nani inayokosea?

#1 Mnara_Mrefu
Wakuu, salaam. Nina tatizo ambalo limenitoa jasho wiki ya tatu sasa, naomba tulitazame pamoja.

Mfumo wetu wa redio una vituo vitano vilivyoungwa kwa maikrowevu kama pete: Kikuu, A, B, C, D, kisha D inarudi Kikuu. Kila mruko unabeba E1 (mkondo wa kidijitali unaokwenda kwa fremu, kila fremu imegawanywa kwa zamu ziitwazo taimsloti) yenye njia za sauti, na kwenye taimsloti ya 1 kuna kiungo cha data cha kidhibiti cha kituo. Saa ya mfumo mzima, yaani mapigo yanayopanga kasi ya biti, inatoka Kikuu kwenye kipokezi cha GPS. A inaichukua kwenye laini kutoka Kikuu, B inaichukua kutoka A. Upande wa pili D inaichukua kutoka Kikuu, na C inaichukua kutoka D.

Tatizo liko C. Mlango wa C unaotazama B unahesabu slipu (fremu iliyotupwa au kurudiwa kwa sababu saa mbili hazilingani), moja kila dakika 20 hivi, usiku na mchana. Mlango unaotazama D ni sifuri. Kila slipu ikipita, kiungo cha data kinapoteza ujumbe na kuuomba upya. Mara tatu au nne kwa siku kinaanguka kabisa kwa sekunde kadhaa na kituo kinabaki kufanya kazi peke yake. Maikrowevu zenyewe hazionyeshi kosa hata la biti moja, na mawimbi yanapokelewa kwa nguvu ya kutosha.

Mimi nasema maikrowevu haihusiki, multipleksa ya C (kifaa kinachokusanya njia zote kwenye E1) ndiyo mbovu. Nibadilishe kadi?

#2 Fundi_Dishi
Acha kadi hiyo ilipo. Hapo kuna masta wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ingia kwenye multipleksa ya C, tazama chanzo cha saa, utakuta mtu ameweka "ndani" badala ya "laini". Nimeona hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

#3 Mnara_Mrefu
@Fundi_Dishi nimetazama kabla sijaandika. C inasema "laini, mlango wa 2", yaani upande wa D. Taa ya kufunga saa ni kijani. D nayo inasema "laini" kutoka Kikuu, kijani.

#4 Radi88
Piga hesabu kabla ya kupanda mnara. Fremu ya E1 ni milisekunde 125. Ikipotea moja kila dakika 20, saa zimeachana kwa sehemu 100 katika milioni. Hiyo saa imekufa kabisa, badilisha kadi.

#5 Bi_Kristali
Ndugu Radi88, umeteleza mara elfu moja. Fremu ni mikrosekunde 125, si milisekunde. E1 inapeleka fremu 8000 kwa sekunde, na kila fremu ina biti 256, ndiyo maana tunapata biti 2,048,000 kwa sekunde.

Tuirudie hesabu, maana jibu lake linabadilisha mjadala wote. Mleta mada anasema dakika 20 hivi. Tuchukue dakika 20 na sekunde 50, yaani sekunde 1250. Mikrosekunde 125 gawanya kwa sekunde 1250 ni sehemu moja katika milioni kumi. Saa zake zimepishana kwa kiasi hicho tu.

Tazameni namba hiyo vizuri. E1 inaruhusiwa kukosea hadi sehemu 50 katika milioni. Kristali ya kawaida (kijiwe kinachotoa mapigo ya saa ndani ya kifaa) isiyofuata saa yoyote ingempa slipu kila sekunde chache, au kila dakika chache kwa bahati nzuri. Kukosea kwa sehemu moja katika milioni kumi ni kazi ya kristali nzuri, yenye kufidiwa joto au iliyo ndani ya kijoto chake. Kwa hiyo natafuta saa nzuri iliyokosa wa kumfuata. Kadi iliyokufa haiwezi kutunza muda kwa usahihi huo.

Halafu ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika kiwango chake cha G.822 inaruhusu slipu zisizozidi tano kwa saa 24 kwa karibu muda wote. Yeye anapata kama 69 kwa siku. Ana haki ya kukosa usingizi.

#6 Radi88
Nimekubali, ni mikro. Asante Bi Kristali. Ila bado nina wasiwasi na hiyo kadi.

#7 MzeeWaPCM
Nimefurahi kumwona mtu anaanza na hesabu. Nimeanza kazi hii wakati saa tuliilinganisha kwa kuweka mawimbi mawili kwenye osiloskopu na kutazama lipi linatembea juu ya mwenzake.

Mleta mada, swali langu la kwanza ni moja. Slipu hizo zote ni za upande mmoja? Bafa ya mlango, yaani hifadhi yake ya muda, inajazwa na saa ya laini na kumwagwa na saa ya multipleksa. Laini ikiwa na kasi kuliko multipleksa, bafa inajaa na fremu moja inatupwa. Laini ikiwa nzito, bafa inakauka na fremu moja inarudiwa. Vifaa vingi vinahesabu hizi mbili mbalimbali. Zikiwa zote za aina moja na kwa nafasi sawa, ni tofauti ya masafa. Zikichanganyika, mara kutupa, mara kurudia, ni kuyumba kwa mapigo kwenda na kurudi, na dawa yake ni nyingine.

La pili, je, nafasi hiyo inabadilika usiku?

#8 Mnara_Mrefu
Mzee shikamoo, na asante. Nimetoa kumbukumbu za siku nne. Zote ni za kutupa fremu, kwa hiyo kinachotoka B kina kasi kuliko C. Nafasi inabadilika kweli. Usiku wa manane ni dakika 23, mchana wa jua kali inashuka hadi 18.

#9 Nahodha_wa_Mawimbi
Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Ikifuata jua, ni hewa. Joto na unyevu vinabadilisha kasi ya mawimbi angani, njia inakuwa ndefu au fupi, biti zinachelewa au zinawahi. Mruko wa B na C ni kilomita ngapi?

#10 Mnara_Mrefu
Kilomita 30.

#11 Bi_Kristali
@Nahodha_wa_Mawimbi hapana kaka. Mawimbi angani yanatumia kama mikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita. Kilomita 30 ni mikrosekunde 100. Yaani safari nzima kutoka B hadi C ni fupi kuliko fremu moja! Hewa inaongeza kwenye muda huo kama sehemu 300 katika milioni, nanosekunde 30 tu, na kinachobadilika kati ya usiku na mchana ni sehemu ndogo ya hizo 30. Tena hewa inakwenda na kurudi. Haiwezi kuusukuma mlango upande mmoja mara 69 kwa siku, siku nne mfululizo.

Kinachofuata jua hapa ni joto ndani ya kabati. Mahali fulani kuna kristali inayopashwa.

#12 Nahodha_wa_Mawimbi
Hesabu zako nazikubali kwa masafa. Ila fifio la njia nyingi alfajiri (mawimbi yanapofika kwa njia kadhaa na kufutana) usilidharau, niliwahi kulala mnarani kwa ajili yake.

#13 Kijana_Pakiti
Habari wakubwa. Swali ambalo hakuna aliyeuliza: hizo maikrowevu zote ni za aina moja?

#14 Mnara_Mrefu
Dah. Hapana. Mruko wa B–C ulibadilishwa miezi mitatu iliyopita. Mingine yote ni PDH ya zamani, inayobeba E1 moja kwa moja bila pakiti. Huo mpya ni wa pakiti, na E1 inaingizwa ndani ya pakiti upande mmoja na kutolewa upande mwingine. Sikuutaja kwa sababu hauna kosa la biti hata moja.

#15 Fundi_Dishi
Miezi mitatu, halafu unatuambia leo! Ndugu yangu, hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

#16 Kijana_Pakiti
Basi tufungue hapo. PDH ya zamani haina neno na saa yako. Inaichukua E1 na mapigo yake, inaongeza biti za kujazia ili ilingane na kasi ya redio, upande wa pili inazitoa, na mapigo yanatoka kama yalivyoingia, labda yametikisika kidogo. Kwa mapigo ya saa ni kama bomba tu.

Pakiti si bomba. Ukishaweka E1 ndani ya pakiti, mapigo yamekufa. Upande wa C kifaa kinapokea vifurushi na kinatakiwa kutengeneza E1 upya kwa saa. Saa ipi? Kuna njia kama nne. Kinaweza kukisia kutokana na jinsi pakiti zinavyofika na bafa inavyojaa. Kinaweza kutumia tofauti iliyoandikwa ndani ya pakiti, mradi pande zote mbili zina saa moja ya pamoja. Kinaweza kuchukua saa ya mtandao, mfano SyncE (saa inayobebwa na kiungo cha Ethernet) inayopita kwenye mawimbi yenyewe. Au kinatumia kristali yake ya ndani, na fundi wengi wanaiacha hapo kwa sababu ndivyo kilivyotoka kiwandani.

Naweka dau kwenye hii ya mwisho. Na sababu yangu ni yale maanguko makubwa matatu au manne kwa siku. Bafa ya kupokelea pakiti imewekwa milisekunde ngapi?

#17 Mnara_Mrefu
Milisekunde 4. Chanzo cha saa ya E1 nitaangalia nikifika, kifaa hakifunguki kwa mbali.

#18 Kijana_Pakiti
Milisekunde 4, inaanza katikati, kwa hiyo kuna 2 kila upande. Milisekunde 2 ni fremu 16. Kwa tofauti yenu ya sehemu moja katika milioni kumi, bafa itafika ukingoni baada ya sekunde 20,000, yaani saa tano na nusu hivi. Ikifika ukingoni inajitupa na kuanza upya katikati, na hapo unapoteza zaidi ya fremu moja, kiungo kinaanguka. Saa 24 gawanya kwa tano na nusu ni mara nne na kitu.

Hesabu slipu kati ya anguko kubwa moja na jingine. Zikiwa 16, nimekupata.

#19 Bi_Kristali
Hesabu tamu sana hiyo. Mleta mada tafadhali tuletee hizo namba.

#20 Mkwezi
Mimi mgeni kwenye saa, naomba kuuliza. Huo mruko mpya si unabadilisha moduleshini (namna ya kupakia biti kwenye mawimbi) mvua ikinyesha? Kasi ikishuka kutoka QAM 1024, yenye biti nyingi, hadi QPSK, yenye biti chache, si saa nayo inashuka? Kwa nini tusiseme ni hiyo?

#21 Bi_Kristali
Swali zuri, wengi wanalikosea. Moduleshini ikibadilika, kinachobadilika ni biti ngapi zinabebwa na kila alama. Idadi ya alama kwa sekunde inabaki ileile, kwa sababu upana wa chaneli haujabadilika. Kwa hiyo saa inayosafiri kwenye mawimbi yenyewe haiguswi, na ndiyo maana SyncE inaweza kuvuka maikrowevu hata mvua ikinyesha, mradi mruko haujakatika.

Kinachoguswa ni muda wa pakiti kusubiri foleni. Pakiti zinachelewa ghafla, halafu zinawahi ghafla. Aliyeweka saa ya kukisia kutokana na pakiti atayumbishwa. PTP, yaani saa inayotumwa ndani ya pakiti zenye muhuri wa muda, nayo itayumbishwa, isipokuwa redio yenyewe inashughulikia mihuri ya muda. Lakini hilo lingeleta slipu za kwenda na kurudi. Za ndugu yetu ni za upande mmoja.

#22 MzeeWaPCM
Naheshimu hesabu ya kijana, ila sijaridhika. Nina mshukiwa mwingine, na naomba asisahauliwe. Ni D.

Fikirini. C inafuata D. Ikiwa D imepoteza saa ya Kikuu na inashikilia kwa kumbukumbu yake, C itaifuata D kwa uaminifu kabisa, taa kijani, slipu sifuri kati yao. Wote wawili wanakosea pamoja kwa amani. Atakayeonekana mkosaji ni B, ambaye ndiye mkweli! Nimewahi kuhangaika miezi miwili na mtandao ambamo vituo viwili vilikuwa vinafuatana kwenye mduara, huyu anachukua saa kwa yule, na yule kwa huyu. Kila mmoja alisema yuko sawa. Masafa yao yalisogea taratibu hadi mwisho wa uwezo wa kuvutana, na kila jirani akaanza kuhesabu slipu dhidi yao. Tulibadilisha kadi za majirani. Kadi nzima kabisa tulizitoa.

Na kumbuka alivyosema Bi Kristali, ni saa nzuri iliyokosa wa kumfuata. Multipleksa inayoshikilia kwa kumbukumbu inafanana sana na hiyo. Kristali ya kiwandani kwenye redio, ambayo haijawahi kufuata chochote, kukosea sehemu moja tu katika milioni kumi? Inawezekana, lakini ni bahati.

#23 Kijana_Pakiti
Mzee, kama D imeachana na Kikuu, mlango wa D unaotazama Kikuu ungehesabu slipu. Mleta mada, kuna slipu pale?

#24 Mnara_Mrefu
Sifuri.

#25 MzeeWaPCM
Sifuri ya kuhesabu au sifuri ya kutohesabu?

#26 Mnara_Mrefu
Mzee… nimefungua. Kadi ya D ni ya toleo la zamani, kihesabu cha slipu kimezimwa. Kukiwasha lazima kadi iwashwe upya, na hiyo inahitaji ruhusa ya kukata mawasiliano. Nimeomba. Kwa upande wa Kikuu, mlango unaopokea D ni wa kupitisha tu, hauna bafa ya kuhesabu.

#27 Fundi_Dishi
Haya, naondoka kwenye mafahali wawili, nakuja kwa fahali mmoja aliyejificha. Lakini bado ni fahali!

#28 Mkwezi
Kuna kitu nimesoma kinaitwa SSM, ujumbe wa ubora wa saa ndani ya taimsloti ya 0. C inasoma nini kutoka D? Kama ni 15 basi ni saa bora kuliko zote.

#29 Mnara_Mrefu
Inasoma 11.

#30 Bi_Kristali
Mkwezi, namba kubwa si ubora. 2 ni saa ya juu kabisa, ile ya daraja la G.811. Kisha 4, kisha 8. 11 ni saa ya kifaa chenyewe. 15 maana yake "usinitumie". Umesoma vizuri, umegeuza ngazi tu.

Mleta mada, 11 kutoka D ni habari nzito. Ikiwa D inafuata GPS ya Kikuu, ilipaswa kusema 2. Mzee anaweza kuwa sahihi.

#31 Kijana_Pakiti
Au kadi ya zamani inatuma 11 siku zote, hata ikifuata nini. Nimeziona kadi zinazotuma namba moja maisha yake yote kwa sababu hakuna aliyewahi kuipanga. Kikuu yenyewe inatuma ngapi kwa D?

#32 Mnara_Mrefu
D haionyeshi inachopokea, toleo la zamani. Nasikitika wakuu.

#33 SautiYaZamu
Naomba niseme neno, mimi si fundi, ni msikilizaji wa zamu kwenye mfumo kama huu. Mnazungumza slipu kama namba, ila kwetu ni maneno. Kwenye sauti ya kawaida tunasikia kama tone la maji, tunazoea. Kwenye chaneli iliyofungwa kwa siri tunapoteza kipande cha sentensi. Mtu anasema "msiingie" na mimi nasikia "…ingie". Nimewahi kurudia swali mara tatu huku mwenzangu kule anahema. Naomba mlitafute hadi mwisho.

#34 Bi_Kristali
Asante sana kwa hili. Kwa wanaotaka kujua kwa nini: slipu moja kwenye sauti ya PCM (sauti iliyogeuzwa namba) ni sampuli moja tu, sikio linasikia tone. Lakini mkondo uliofungwa kwa siri unategemea pande mbili kuhesabu biti pamoja. Zikiondoka biti nane katikati, mpokeaji anafungua kwa ufunguo uliokaa pasipo pake, na kila kitu ni kelele hadi zisawazishwe upya. Data nayo ujumbe unashindwa hesabu ya ukaguzi na kutupwa wote.

#35 Fundi_Dishi
Mimi naona dawa ya yote ni moja: GPS kila kituo. Kila mmoja na saa yake kutoka angani, mchezo umekwisha.

#36 MzeeWaPCM
Inafanya kazi, sikatai. Saa mbili za daraja la G.811, kila moja ikikosea sehemu moja tu katika bilioni mia na kwa pande tofauti, zinapata slipu moja kwa siku 72. Lakini unaongeza antena juu ya kila mnara, na antena inaita radi. Na GPS nayo si malaika. Tarehe 26 Januari 2016, satelaiti ya SVN 23 ilipokuwa inastaafishwa, satelaiti kadhaa zilianza kutangaza muda wa UTC uliokosea kwa mikrosekunde 13 hivi. Vifaa vya saa vya simu na redio vililia kengele sehemu nyingi duniani kwa saa nyingi. Tarehe 6 Aprili 2019 namba ya wiki ya GPS ilirudi sifuri baada ya wiki 1024, na vipokezi vya zamani ambavyo havikusasishwa vilijikuta kwenye tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma.

#37 Radi88
Na vivuruga GPS vya kuchomeka kwenye gari! Dereva anataka bosi asione gari liliko, anapita chini ya mnara wako, kipokezi kinapoteza satelaiti. Mimi nilimaliza wiki nzima na kipokezi kilichokuwa kinapotea siku za kazi tu, kila asubuhi kwa dakika tatu.

#38 Nahodha_wa_Mawimbi
@Mnara_Mrefu vituo vyenu vinarusha masafa tofauti au vyote masafa mamoja kwa pamoja? Maana kama ni pamoja, slipu ndiyo taabu ndogo. Mfumo wa alama 4800 kwa sekunde, alama moja ni mikrosekunde 208. TETRA, mfumo wa redio za kidijitali, ina alama 18,000, hiyo ni mikrosekunde 55 na nusu. Pete yenu ikigeuka na njia ikaongezeka kilomita 100, umechelewesha mikrosekunde 333 kwa umbali peke yake, kabla hujahesabu ucheleweshaji wa kila redio njiani. Eneo la katikati linasikia minara miwili ikigombana.

#39 Mnara_Mrefu
Masafa tofauti, nashukuru Mungu.

Wakuu, nimetoka B na C leo. Majibu:

Chanzo cha saa ya E1 kwenye mruko mpya kilikuwa "ndani", pande zote mbili. Kijana, heshima kwako.

Slipu kati ya maanguko makubwa, mara tatu nilizohesabu: 15, 17, na 11.

Mlango wa B unaotazama C nao unahesabu slipu, hakuna aliyekuwa anautazama. Moja kila dakika 31.

#40 Kijana_Pakiti
15 na 17! Na dakika 31 inamaliza kabisa. Kama D peke yake ingekuwa mkosaji, B ingehesabu kwa nafasi ileile ya dakika 20. Nafasi tofauti maana yake kristali mbili tofauti, moja kila mwisho wa mruko.

#41 MzeeWaPCM
Na 11 umeitupa wapi, kijana wangu?

#42 Mnara_Mrefu
Siku niliyohesabu hizo 11 mvua ilinyesha. Pia jenereta ya C iliwashwa, sikumbuki saa.

#43 Radi88
Jenereta! Anguko la katikati linaweza kuwa umeme, wala si bafa. Pima ardhi ya kabati la C. Waya wa ardhi uliolegea unatikisa mlango wa E1 kila mzigo unapobadilika. Na mvua inapunguza mawimbi, pakiti zinachelewa, bafa inaruka kabla ya wakati. Una washukiwa wawili kwenye tukio moja.

#44 Mnara_Mrefu
Nimebadilisha. B sasa inaipa redio saa yake, inapita kwenye mawimbi, na E1 upande wa C inatoka kwa saa hiyo. Pande zote zimefunga. Nitarudi.

#45 Bi_Kristali
Hakikisha jambo moja tu: redio ya C isiwe na ruhusa ya kuchukua saa kutoka multipleksa ya C kama chaguo la pili. Mruko ukikatika kidogo kwa mvua, redio itaigeukia C na kuanza kuirudishia B saa ya C. Hapo utakuwa umejenga mduara wa Mzee kwa mikono yako.

#46 Mnara_Mrefu
Siku nne baadaye. Slipu zimeshuka kutoka 69 hadi mbili au tatu kwa siku, ziko ndani ya zile tano za G.822. Hakuna anguko kubwa hata moja. Ila hizi zilizobaki hazina mpangilio. Moja ilikuja baada ya saa tatu, nyingine baada ya saa kumi na moja. Zote bado za kutupa fremu. Lile chaguo la pili lilikuwepo, nimelifuta jana.

#47 Fundi_Dishi
Hongera. Kwangu mimi funga kazi.

#48 MzeeWaPCM
Usifunge. Kijana alipata fahali mkubwa, nampongeza kwa moyo wote. Lakini kama kila kituo sasa kinafuata GPS moja, slipu zinapaswa kuwa sifuri kabisa, maana saa ni moja. Mbili kwa siku za upande mmoja zinasema bado kuna masafa mawili. Piga hesabu: ni kama sehemu tatu katika bilioni. Hiyo ni kristali ya kijotoni, iliyotulia, inayozeeka polepole. Nani kwenye pete yako ana kristali ya namna hiyo? Nenda D na kaunta ya masafa, ilinganishe na GPS.

#49 Kijana_Pakiti
Au ni mabaki ya chaguo la pili kabla halijafutwa jana. Mpe siku tatu zaidi, Mzee.

#50 Radi88
Ardhi. Nasema tena, pimeni ardhi.

#51 SautiYaZamu
Sijui mfumo wenu ni upi, ila kwetu nako kuna mtu amegusa kitu wiki hii, maana usiku wa kuamkia leo zamu nzima sikupoteza neno. Isipokuwa mara moja, saa nane na robo.

#52 Mnara_Mrefu
@SautiYaZamu saa nane na robo usiku? C imeandika slipu moja tu tangu nifute chaguo la pili. Ni ya saa nane na dakika 14. Na jenereta ya C haikuwashwa, nimetazama daftari la mlinzi.

Ruhusa ya kukata D imetoka, kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mzee, hiyo kaunta niifungie kwenye mlango upi wa saa?

#53 MzeeWaPCM
Ule wa kutolea saa wa 2048 kHz, nyuma ya kadi, juu. Kwanza iache ipate moto nusu saa. Na andika joto la kabati kila unapoandika masafa.